Vifo vya wajawazito: Tusijifiche nyuma ya kadari

Ndugu msomaji, miezi michache iliyopita tuliitwa kumsalia binti wa miaka 23 katika kijiji kilicho mwendo wa saa mbili kutoka mjini kwetu. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike katika zahanati, mtoto akalia vizuri, kisha damu ya mama ikakataa kusimama. Zahanati ile ilikuwa na muuguzi mmoja, na usiku ulikuwa umekwisha ingia. Ikatafutwa gari, halikupatikana. Ikatafutwa bodaboda, ikapatikana. Akapakiwa katikati, dereva mbele na shangazi yake nyuma akimshikilia kiunoni, wakaanza safari ya kwenda kituo cha afya. Hawakufika naye akiwa hai.

Baada ya Sala ya jeneza tulisimama tukasema yale ambayo masheikh huyasema pahala kama pale, kwamba Mtume (S.A.W.) amemhesabu mwanamke anayekufa kwa sababu ya uzazi kuwa miongoni mwa mashahidi. Watu wakaitikia, wazee wakatikisa vichwa, tukazika. Siku ya tatu, tulipokwenda kwenye hitima, mama wa marehemu alituma mtoto kwamba ana neno nasi. Tukamwendea uani alikokuwa amekaa na wenziwe. Hakupandisha sauti. Alisema: "Shekhe, mwanangu mmemwita shahidi, nasi tumepokea, Mungu awalipe. Lakini ametokwa na damu tangu baada ya Isha mpaka saa sita ya usiku, na watu tupo. Sisi tuliokuwapo mmetuitaje?"

Hatukuwa na jibu. Tulimwambia asubiri, na neno hilo la subira lilitutoka kinywani kwa wepesi usiolingana na uzito wa swali lake. Tumekuwa nalo swali hilo tangu siku ile, na leo tunaona tulilete mbele ya wasomaji wa ukurasa huu, kwa sababu tunaamini kwamba misikiti yetu mingi, tukiwamo sisi wenyewe tunaohutubu humo, imelikwepa kwa muda mrefu.

Kwanza tuiweke sawa Hadithi yenyewe. Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik na katika Sunan ya Abu Daud, na ndani yake wametajwa watu 7 wanaopata daraja ya shahidi mbali na yule aliyeuawa katika njia ya Mwenyezi Mungu. Yumo aliyekufa kwa tauni, aliyezama majini, aliyeugua ubavu, aliyeugua tumbo, aliyeungua moto, aliyeangukiwa na jengo, na mwanamke aliyekufa kwa ajili ya ujauzito. Wanazuoni wamefafanua kwamba hawa ni mashahidi wa Akhera. Malipo yao yako kwa Mola wao, ama hapa duniani huoshwa, huvishwa sanda na kusaliwa kama maiti wengine.

Sasa na tuitazame orodha hiyo kwa makini. Aliyezama yumo. Meli ya MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996 na mamia ya watu wakapotea, hapana sheikh aliyesimama akasema kwamba maadamu waliozama ni mashahidi basi hapana haja ya kuuliza meli ilibeba watu wangapi. Serikali iliunda tume, na watu wakafikishwa mahakamani. Aliyeungua naye yumo, wala hatujamwona Muislamu anayeacha jiko la mafuta likiwaka kando ya pazia kwa kutaraji daraja hiyo. Aliyeangukiwa na jengo yumo, na ghorofa linapoporomoka Dar es Salaam watu wa kwanza kutafutwa ni mkandarasi na mhandisi. Ni kwa huyu wa mwisho tu, mwanamke mjamzito, ambapo tunaitaja daraja yake kisha tunakunja mikeka tunaondoka. Bishara aliyopewa aliyefikwa tumeigeuza kuwa udhuru wa waliobaki.

Na wale wanaosema kwamba ajali haina kinga, kwamba siku yake ilikuwa imefika, wanajua vizuri kisa cha Sayyidna Omar alipokuwa njiani kuelekea Sham. Alipofika Sargh akaarifiwa kwamba mbele kuna tauni, akaamua kuwarejesha watu. Alipoulizwa iwapo anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alieleza kuwa anatoka katika kadari moja ya Mwenyezi Mungu kuiendea nyingine. Basi na gari linalofika mapema nalo ni kadari. Chupa ya damu iliyomo kwenye jokofu la hospitali nayo ni kadari.

Tuje kwenye hali ya nchi. Tanzania hufanya kila baada ya miaka kadhaa utafiti wa hali ya afya na idadi ya watu, na humo wananchi huulizwa pia habari za dada zao waliofariki kwa uzazi. Utafiti wa 2004/05 ulionyesha vifo 578 katika kila vizazi hai 100,000. Wa 2010 ulionyesha 454. Wa 2015/16 hesabu ikapanda tena hadi 556. Kisha ule wa 2022 ukatoa hesabu ya 104. Kushuka huko kulisifiwa sana ndani na nje, na Februari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhiwa tuzo na Taasisi ya Gates jijini Dar es Salaam kwa kazi hiyo.

Wapo wanaoitilia shaka hesabu hiyo. Mashirika ya Umoja wa Mataifa, yanayotumia njia nyingine ya kukadiria, yaliipa Tanzania vifo 238 kwa mwaka 2020. Tofauti hii si ya kugombania kama washabiki wa Simba na Yanga. Njia ya kuuliza ndugu ina udhaifu wake, na njia ya makadirio ina wake. Maoni yetu ni kwamba nafuu ipo na ni kubwa, na mwenye insafu hawezi kuikana, kwani vituo vya afya vyenye vyumba vya upasuaji vimejengwa kwa mamia tangu 2017 hata katika wilaya ambazo zamani mjamzito mwenye uchungu pingamizi alikuwa akisafirishwa siku nzima. Lakini hebu tufanye hesabu ndogo. Nchi hii huzaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kwa mwaka. Ukichukua hesabu ya chini, hiyo ya 104, katika kila watoto milioni 2 wanakufa akina mama zaidi ya 2,000. Ukichukua ya 238, wanakaribia 4,800. Hata anayeshika hesabu iliyo njema kuliko zote ana makaburi 5 na zaidi kila siku ya kuyaeleza.

Duniani kote, kwa makadirio ya mwaka 2023, walifariki kwa ujauzito na uzazi wanawake wapatao 260,000, yaani zaidi ya 700 kwa siku, na kiasi cha asilimia 70 kati yao walikuwa katika Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Uchungu wa kuzaa ni mmoja. Maryam binti Imran aliupata chini ya mtende, na Qur'ani haikuuficha wala kuufanya aibu. Ameelezwa akitamani lau angekuwa amekwisha kufa kabla ya hayo, kisha akaletewa maji, chakula na maneno ya kumtuliza. Uchungu huo ndio ule ule wa mke wa waziri na wa mke wa mvuvi. Wanachotofautiana ni umbali wa maji na aina ya maneno wanayoambiwa.

Katika utafiti huo wa nchi yetu, jambo lililotushughulisha zaidi si hilo la 104. Mwaka 2015/16 wanawake waliojifungulia katika vituo vya huduma walikuwa asilimia 63, na pengo la mji na shamba lilikuwa pana: mijini zaidi ya 8 katika kila 10, vijijini zaidi kidogo ya nusu. Kufikia 2022 jumla yao ilikuwa imefika asilimia 81. Hapo mtu angetaraji kwamba watoto wachanga nao wangeokoka kwa wingi. Haikuwa hivyo. Vifo vya watoto katika mwezi wao wa kwanza vilikuwa 25 katika kila vizazi hai 1,000, vikawa 24. Akina mama wametii mwito. Wameacha kuzalia nyumbani kama walivyohimizwa na redio, na mabalozi wa nyumba kumi, na hata na sisi juu ya mimbari. Wamefika mlangoni. Basi la kuuliza sasa ni nini kinawangoja ndani ya mlango huo, na nani hukipata kikamilifu na nani hukipata nusu.

Watafiti wawili, Thaddeus na Maine, waliandika mwaka 1994 kwamba mjamzito huuawa na ucheleweshaji wa namna tatu: kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mpangilio huo umetumika sana na sisi tutaufuata, ingawa si kwa usawa, kwa kuwa ucheleweshaji wa kwanza ni wetu sisi watu wa dini na hatutaki kuupita haraka.

Nyumbani, neno linaloua ni "tungoje mume aje". Mume yuko baharini, au yuko machimboni, au simu yake haipatikani, na wazee wa nyumba wanaogopa kutoa mke wa mtu usiku bila ruhusa. Wengine huja kutuuliza sisi. Tunasema wazi, na tunaomba maimamu wenzetu waliseme mbele ya wanaume: kuokoa nafsi hakungoji idhini ya mume, na mume anayemlaumu mkewe kwa kukimbilia hospitali akitokwa na damu ndiye anayestahili kulaumiwa. Wapo wanaokataa kwa sababu zamu ile ana daktari mwanamume. Ni haki ya mwanamke kuomba mwanamke mwenziwe amhudumie, na ni haki inayopaswa kuheshimiwa kila inapowezekana, lakini dharura ina hukumu yake inayojulikana na kila mwanafunzi wa fiqhi. Wapo pia wanaouona upasuaji kuwa ni fedheha, kana kwamba mwanamke aliyepasuliwa hakuzaa. Hawa wangefungua vitabu vya Kishafi wangekuta kwamba wanazuoni karne nyingi kabla ya dawa ya usingizi walijadili kulipasua tumbo la mwanamke aliyekwisha fariki iwapo inatarajiwa mtoto ataishi, na wakaruhusu. Ikiwa heshima ya maiti, ambayo ni kubwa kwetu, imewekwa nyuma ya uhai wa mtoto, ni vipi tuone haya kumpasua aliye hai ili waokoke wote wawili?

Tuongeze na la Ramadhani, kwa kuwa kila mwaka tunaulizwa. Mjamzito na anayenyonyesha wanaochelea nafsi zao au watoto wao wamepewa ruhusa ya kula. Kuna mama mkwe anayemtazama mkaza mwana wake kwa jicho la pembeni anapomwona na kikombe mchana. Jicho hilo halina dalili katika sheria.

Kuhusu wakunga wa jadi, hatutaungana na wanaowatukana. Mtume (S.A.W.) alikuwa na mkunga katika nyumba yake, Salma, ambaye inapokewa kuwa ndiye aliyempokea mwanawe Ibrahim. Bibi zetu waliwapokea waliokuwa hai leo, nasi tumo. Ila mkono wa mkunga, hata uwe na baraka namna gani, hauna dawa ya kifafa cha mimba wala damu ya kuongeza, na bibi mwenye busara leo ni yule anayemshika mjamzito mkono na kumpeleka mapema.

La pili ni njia. Hapa pamefanyika jambo jema linalostahili kutajwa kwa jina. Ni mfumo wa M-mama, ulioanza kwa majaribio Kanda ya Ziwa mwaka 2013 na kupanuliwa nchi nzima kuanzia 2022. Mtu hupiga simu namba 115 bila malipo, aliyeko upande wa pili hupima hali ya mgonjwa, na iwapo hapana gari la wagonjwa karibu huitwa dereva wa kawaida wa eneo lile aliyekwisha andikishwa, kisha hulipwa nauli yake kwa simu. Uzuri wake ni kwamba haukungoja kila kijiji kipate gari la wagonjwa. Umetumia gari lililokuwapo na mtu aliyekuwapo. Lakini namba hiyo haina faida kwa asiyeijua. Usiku ule wa msiba tuliousimulia, tulipouliza baadaye, watu watatu katika nyumba ile walikuwa na simu zenye chaji, na hapana aliyewahi kuisikia namba 115.

Tena kuna umbali usiopimwa kwa kilomita. Sera inasema huduma ya uzazi katika vituo vya Serikali ni bure. Muulize mwanamke wa kijijini hiyo bure ina vitu gani, atakuhesabia kwa vidole: mpira wa kujifungulia, glovu, pamba, wembe, vibanio vya kitovu, khanga kadhaa, ndoo au beseni, na pesa kidogo ya kukaa karibu na hospitali siku za mwisho. Mwenye nafasi huvinunua mwezi wa saba na kuvipanga kwenye begi, na begi hilo huwa furaha ya nyumba. Asiyenacho hungoja, hutaraji, na mwisho huona aibu kufika mikono mitupu, akihofia atakavyosemwa. Tunawajua wanawake waliochelewa nyumbani kwa ajili ya khanga. Si kwa ajili ya kukosa gari, ni kwa ajili ya kukosa khanga safi mbili.

Na hofu yao ya kusemwa si ya kubuni. Huko Korogwe na Muheza, mkoani Tanga, watafiti waliwauliza akina mama wakati wanatoka hospitali baada ya kujifungua iwapo walitendewa bila heshima, kwa kufokewa, kupigwa, kuachwa peke yao au kufedheheshwa. Asilimia 19 walisema ndiyo. Walipofuatwa majumbani kwao wiki 5 hadi 10 baadaye na kuulizwa tena, waliosema ndiyo wakawa asilimia 28. Tafakari, ndugu msomaji, tofauti ya hesabu hizo mbili. Langoni mwa hospitali mwanamke bado anamwogopa mtu atakayemhitaji tena mwakani. Akiwa barazani kwake, na mtoto mapajani, ndipo husema.

Hatusemi haya kuwashambulia wauguzi. Tunao katika ukoo wetu, na tunajua maana ya zamu ya usiku kwa mtu mmoja mwenye wazazi wanane, wawili kitandani kimoja, maji yamekatika na taa inategemea simu yake. Anayemfokea mgonjwa katika hali hiyo amekosa, na aliyempanga peke yake amekosa zaidi. Mradi wa huko huko Tanga ulionyesha kwamba wauguzi na wanakijiji wakikaa pamoja wakakubaliana mkataba wa kuheshimiana, na uongozi ukausimamia, matendo hayo hupungua sana. Hayakuhitaji jengo jipya.

Asidhani mtu kwamba haya ni maradhi ya umaskini tu. Marekani, nchi inayotumia fedha nyingi kwa afya kuliko nchi yoyote, mwaka 2023 walifariki wanawake weusi 50.3 katika kila vizazi hai 100,000, na weupe 14.5. Mwaka huo huo alifariki Tori Bowie, bingwa wa dunia wa mita 100 wa mwaka 2017, akiwa na ujauzito wa miezi 8 hivi, peke yake nyumbani kwake Florida. Naye Serena Williams, mcheza tenisi mwenye mali na jina, ameeleza mwenyewe kwamba baada ya kujifungua mwaka 2017 alilazimika kusisitiza apimwe kwa kuwa alijua damu imeganda mapafuni, na muuguzi akadhani ni dawa za maumivu zinazomfanya aseme hayo. Alipopimwa ikaonekana kweli. Mali ilimfikisha katika hospitali nzuri. Ila kusikilizwa ilibidi akupiganie.

Turudi nyumbani, tena kwenye mfano ambao kila mwenye kusema "hatuna uwezo" angepaswa kusomewa. Mwaka 1984, katika miaka ya dhiki ambayo wenye umri wetu tunaikumbuka kwa foleni za sabuni, hospitali ya mkoa wa Kigoma ilikuwa na vifo vya wazazi 933 katika kila vizazi hai 100,000. Dk. Godfrey Mbaruku, aliyefanya kazi huko, alianza pamoja na wenzake kurekebisha mambo kwa vilivyokuwapo mkoani: vifaa, dawa, nidhamu na moyo wa wafanyakazi, na kukaa kila mara kukitazama kila kifo na kuuliza kimetokeaje. Kufikia 1991 vifo vilikuwa 186. Hakungoja uchumi ukue. Dk. Mbaruku amekwisha fariki, na kwa maoni yetu jina lake linastahili kutajwa katika khutba kuliko majina ya wafadhili wengi tunaowapangia viti vya mbele.

Na mfano wa karibu zaidi ni wa mwaka 2023. Katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania yetu hii, mama aliyejifungua aliwekewa chini yake mfuko wa plastiki wenye mistari ya kupimia, ili damu inayotoka ionekane ni kiasi gani badala ya kukisiwa kwa jicho. Ikifika mstari wa hatari, tiba zote zilitolewa kwa pamoja, papo hapo, bila kungoja moja ishindwe ndipo ijaribiwe nyingine. Kutokwa na damu nyingi mno, pamoja na upasuaji na vifo vinavyotokana nako, kulipungua kwa asilimia 60. Kipande cha plastiki chenye mistari! Tuliposoma habari hiyo tulimkumbuka binti yetu wa kijijini, ambaye damu yake ilipokewa na khanga, na khanga haina mistari.

Misaada nayo isitutie usingizi. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai shirika lao la USAID lilikuwa limefungwa. Kliniki nyingi za Afrika zilizokuwa zikitegemea fedha hizo kwa mishahara na dawa zilijikuta zimepwaya kwa wiki chache. Bunge letu lilikwisha pitisha mwaka 2023 Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Wananchi wana haki ya kuuliza, kwa adabu na kwa kurudia, bima hiyo itamfikia lini na vipi mwanamke asiye na kipato cha mwezi.

Waislamu nao walikuwa na jawabu lao la zamani, nalo ni wakfu. Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake Cairo mwaka 1284, aliiwekea mali ya wakfu ili iwatibu wanaume kwa wanawake, tajiri kwa maskini, bila malipo. Sisi leo tunajenga minara. Hatuchukii minara. Lakini kuna misikiti yenye vipaza sauti vinavyosikika vijiji vitatu na haina hata orodha ya vijana walio tayari kutoa damu, na kuna pilau ya Maulidi inayopikwa kwa ng'ombe wanne katika mtaa ambao mjamzito ameazima wembe.

Tulipolileta jambo hili mbele ya kamati ya msikiti wetu, mzee mmoja tunayemheshimu sana alisema msikiti si hospitali. Mwingine akataka tununue gari, na majadiliano ya gari yakachukua Ijumaa tatu: la aina gani, litaandikwa jina la nani, dereva atalipwa na nani. Ndipo kijana mmoja akauliza kama kuna aliyewauliza wanawake. Hakuwapo. Kamati yetu ina watu 11 na wote wana ndevu.

Tukawauliza akina mama wa darsa la Jumamosi, kwa mapazia na kwa adabu zote. Hawakutaja gari. Walitaka kwanza mabegi matano yenye vifaa vyote, yawe msikitini, achukue anayehitaji bila kuulizwa maswali. La pili, walisema mwanamke mwenye watoto wadogo huchelewa kutoka usiku kwa kuwa hana wa kumwachia, basi wapatikane wanawake wawili katika kila mtaa ambao mlango wao utagongwa saa yoyote. Na la tatu, namba 115 na namba za madereva wawili waaminifu ziandikwe kwa rangi kubwa ukutani. Wanaume walipendekeza ubao uwekwe karibu na mimbari. Wanawake wakasema uwekwe nje, karibu na bomba, ndipo kila mtu hupita.

Gharama ya mabegi matano ilikuwa ndogo kuliko matengenezo ya kipaza sauti chetu kimoja. Sanduku la nauli likawekwa, na mama wa yule marehemu, ambaye sasa anamlea mjukuu wake kwa maziwa ya kununua, alipopata habari alikuja mjini kwa basi, akaomba begi moja lipelekwe kijijini kwake na likae nyumbani kwake. Tumempa. Ameandika, au tuseme ameandikiwa na mjukuu wake mkubwa, orodha ya wajawazito wote wa kijiji kile na mwezi wa kila mmoja. Wiki iliyopita begi lilirudi tupu likaombwa jingine, na pamoja nalo ujumbe kwamba gari lilifika kwa dakika 50, kwamba mama na mtoto wamerudi, na kwamba katika sanduku zimebaki shilingi 11,400.